Bahasha Mbili za Machi

Pickett's Bend
Ijumaa, 9 Februari 1979

Kaka yangu mpendwa Hosea,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai barua hii itakukuta unapumua vizuri, na kwamba theluji ya Cleveland haijakufungia ndani kama mwaka jana. Binti yako Ernestine ameniambia kwamba akigeuka tu, wewe unavua skafu. Acha utoto, kaka. Mapafu uliyobakiwa nayo ni hayo hayo. Sisi huku tu wazima, ila goti langu linanisumbua nikipanda ngazi za mahakama, na mbwa wa jirani ameng'oa vitunguu vyangu vyote. Nimemsema mwenye mbwa mpaka akaingia ndani akafunga mlango.

Juzi uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu imefifia, nami nikasingizia mafua. Sikuwa na mafua. Tangu Jumanne kuna karatasi juu ya meza yangu ofisini, sijaitia sahihi, na Jumatatu saa tatu asubuhi Bwana Teague, karani mkuu, anakuja kuichukua. Karatasi hiyo inahusu kazi yangu, na inakuhusu wewe kuliko unavyodhani. Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Mahakama yetu unaijua, lakini unaijua kwa upande wa mbele wa kaunta. Mimi nina miaka kumi na moja upande wa nyuma. Zamani za babu zetu serikali kuu ilikuwa na jaji mmoja tu kwa nusu nzima ya kusini ya jimbo hili. Alikuja huku mara mbili kwa mwaka na sanduku lake la vitabu, akahukumu wiki mbili, akaondoka. Baadaye Bunge la Washington likaikata wilaya yake katika vitengo vinne, kila kitengo na ofisi yake, na sisi tukapewa ghorofa ya juu ya posta. Majaji wakawa wawili, wote wameteuliwa kwa maisha yao yote, na hakuna anayeweza kumfukuza jaji kwa sababu hukumu yake imemuudhi. Wa kwetu ni Jaji Orne na Jaji Rayle, na wewe huhitaji kuelezwa tofauti yao.

Mawakili walizoea kumchagua jaji kama mtu achaguavyo tikiti maji sokoni, wakigonga huku na huku. Ndipo zikaja bahasha. Makao makuu hutuletea rundo zima, zimefungwa, zina namba, na ndani ya kila moja mna jina la jaji mmoja. Kesi ikiletwa unaigonga muhuri wa saa, unafungua bahasha ya juu mbele ya aliyeileta, na jina litakalotoka ndilo hilo. Huruki wala hurudishi. Na kesi ya ndugu yako wa damu huigusi kabisa, unamwita mwenzako aipokee.

Sasa makao makuu wamenunua kompyuta, ndiyo itakayogawa kesi. Bahasha zilizobaki zitachomwa, na kabla hazijachomwa kila karani aape kwa maandishi kwamba muda wote wa kazi yake hakuchungulia bahasha wala hakubadili mpangilio wa kesi. Mwenzangu Corliss alitia sahihi huku anatafuna biskuti, makombo yakabaki juu ya kiapo. Yangu Bwana Teague aliikuta tupu, akacheka, akaniambia ni karatasi tu, nitie sahihi twende tukale. Nikamwambia miwani yangu iko nyumbani. Ilikuwa kichwani mwangu, Hosea, na yeye aliiona.

Jana mambo yakazidi. Mzee Purcell, wakili wako wa zamani, alikuja kunakili namba za kesi zake kwa kuwa anafunga ofisi. Akapitisha kidole kwenye daftari la mwaka 1973, akasimama. Akasema ni ajabu, kesi ya kugawa mji kata ni namba 41 na ya mapafu yako ni 42, na yeye angeapa kwamba aliiweka ya mapafu juu, maana siku zote alikuwa akisema mgonjwa kwanza. Kisha akajicheka, akasema uzee umemwingia. Alipoondoka, Bwana Teague akafunga mlango. Yeye si mtu mbaya. Amebakiza miezi minne astaafu.

Akaniuliza polepole, "Bi Leotha, kuna kitu ambacho mimi sitaki kukijua?"

Nikamjibu hakuna.

"Basi tia sahihi, mama. Nakuomba."

Sikulala. Leo nimeshinda naiangalia kalamu. Kaka, kaa chini kwanza, umwambie Ernestine akuletee maji.

Siku ile ya Machi 1973, Purcell aliweka majalada mawili kwenye kaunta, yote yana jina lako. Moja lilikuwa lako peke yako, lile la malipo ya ulemavu baada ya vumbi la kiwanda cha pamba kukuharibia mapafu. La pili lilikuwa na majina arobaini, lako la kwanza, la kutaka mji ugawanywe kata ili watu wetu wa ng'ambo ya reli nao wapate diwani wao. Corliss alikuwa ameenda kung'olewa jino. Nilipaswa kumwambia Purcell asubiri mpaka arudi. Lakini alichungulia nje akaona askari analiandikia gari lake faini, akateremka mbio, akaniachia yale majalada.

Bahasha za mwezi ule zilikuwa za karatasi nyepesi, ukiziinua kwenye mwanga jina linaonekana. Sote tulilijua hilo na tukanyamaza. Nikachukua ya juu nikaielekeza dirishani, nikamwona Rayle. Nikainua ya chini yake, nikamwona Orne. Jalada la juu lilikuwa la mapafu yako.

Ulikuwa unalala umeketi jikoni kwa Mama majira yale ya baridi, unakumbuka? Nilikuwa nasikia kifua chako mpaka chumbani kwangu. Na Rayle alikuwa amekwisha kuwafukuza wagonjwa wa kiwanda wote waliofika mbele yake, hata mmoja hakumpa malipo. Nikajiambia kata zinaweza kungoja, kifua hiki hakiwezi. Nikageuza majalada, nikaigonga muhuri kesi ya kata kwanza, iangukie kwa Rayle na yako kwa Orne. Purcell aliporudi anahema, nikafungua bahasha mbele yake kama sheria inavyotaka. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Rayle alisikiliza siku mbili akaitupa kesi ya kata, na mahakama ya rufaa ikasema yeye ndiye aliyewaona mashahidi kwa macho yake, hukumu yake ibaki. Ukasimama kwenye zile ngazi, unakohoa na kucheka pamoja, ukaniambia, "Tumeshindwa na bahasha, Leotha. Bahasha tu." Mimi nilikuwa nimekushikia koti. Mwezi wa Juni Orne akakupa haki yako, ukaniletea keki, ukasema Mungu ametwaa kwa mkono mmoja akatoa kwa mwingine. Nikaila ile keki. Haikuwa kazi ya Mungu, kaka. Ilikuwa kazi yangu. Na bomba la maji bado linaishia kwenye reli, na Mama alibeba ndoo mpaka wiki aliyokufa.

Jumatatu sitatia sahihi. Nitamwambia Bwana Teague kile asichotaka kukijua, kisha nitampigia Purcell. Nimeisoma kanuni mpaka nimeikariri. Kesi ya kata huenda ikasikilizwa upya. Na ya kwako pia huenda ikafunguliwa, na safari hii huenda ikaangukia kwa Rayle. Najua ninakutia mashakani na kifua hicho. Malipo yako yakikatwa, nina nyumba na nina vyumba viwili, na wewe na Ernestine mna haki navyo.

Barua hii itakufikia Jumanne, mambo yamekwisha kutokea. Nimefanya hivyo kusudi, maana ningekupigia ungenikataza kwa ajili yangu, nami ningekusikiliza. Hii ni mara ya pili nakuamulia mambo yako bila kukuuliza. Ya kwanza nilikuficha. Hii angalau nimekuandikia. Sikuombi unisamehe sasa hivi.

Nisalimie Ernestine na wanawe, na yule jirani yako Mpolandi anayekuletea supu ya viazi. Vaa skafu. Ukitaka kunitukana, nipigie saa yoyote, hata saa za kazi. Kuanzia Jumatatu nitakuwa nyumbani.

Ni mimi dada yako,
Leotha