Chupa ya Kikombe Kimoja

S.L.P. 40817,
Nairobi.
18 Novemba, 1973.

Mpendwa dada Mwanasiti,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, na kabla ya lolote nataka kujua goti lako li hali gani. Mara ya mwisho uliandika kwamba unapanda ngazi za nyumba kwa kujishika ukutani. Natumai dawa ya kuchua imekufaa, na kwamba shemeji Shee na watoto wote ni wazima. Sisi hapa hatujambo. Mishi ametimia miaka minne na haachi kusema tangu anapofumbua macho. Salme naye mzima, anakusalimu sana.

Halua yako ya Idd ilifika salama kwa mkono wa Haron, yule dereva wa lori. Tuliimaliza siku mbili, na la kusema kweli nyingi nilikula mimi.

Dada, nina ombi. Lakini ombi lenyewe halitaeleweka mpaka nikusimulie yaliyotupata hapa, na mengine yananiaibisha. Nakuandikia wewe kwa kuwa wivu wangu unaujua tangu utotoni. Ulipoolewa wewe, mimi nilikataa kula biriani ya harusi yako, kwa sababu shemeji alikuwa anakuchukua.

Unakumbuka kwamba mwaka jana Salme alipata kazi ya kuwasaidia wauguzi katika hospitali kubwa kule mlimani. Kutoka hapa Kawangware lazima atoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, apande basi mpaka mjini, kisha apande mlima kwa miguu. Mishi tunamwacha kwa mke wa jirani yetu, Mwololo. Saa nne wanapewa dakika kumi na tano za kupumzika, na foleni ya chai ni ndefu, mtu humaliza muda wake akiwa bado amesimama. Mwezi wa saba ulipoingia na baridi yake ile ya Nairobi, Salme akaniomba nimnunulie chupa ya chai ya kwenda nayo kazini. Akasema iwe ile yenye vikombe viwili, kimoja cha kufunikia na kingine kilichopachikwa ndani yake.

Aliyasema hayo huku akifunga leso yake, kama mtu anayekuagiza chumvi. Nami nikaitikia. Nilipokaa ndani ya basi ndipo nikaanza kujiuliza: kikombe cha pili cha nani?

Jumamosi ile, baada ya kutoka kazini kwa Bwana Lalit, niliingia kwa Bhanu. Huyu ni mama wa Kihindi mwenye duka la vyombo hapo River Road, milango miwili kutoka kiwanda chetu cha kupiga chapa. Ana subira sana na wateja. Alinifundisha kuchungulia kioo cha ndani, kama kina doa jeusi nisiichukue, kwani hiyo imeshaanza kufa. Akaniambia niweke sikio kwenye mdomo wa chupa; nzima huvuma, mbovu hunyamaza. Akanikataza kizibo cha gome, kwamba hunywa chai na baada ya mwezi kinanuka. Kisha akauliza kama mwenye chupa anasafiri kwa basi. Nikasema ndiyo. Basi akaondoa zile zenye kitako cha bati tupu, akabakisha mbili zenye mpira chini wa kupokea mtikisiko.

Moja ilikuwa ya buluu, pana, ya vikombe viwili. Nyingine ilikuwa ya kijani, nyembamba, ya kikombe kimoja. Bhanu aliuliza ni ya nani, nikamwambia ni ya mke wangu, ya kazini. Akaisogeza ile ya buluu mbele yangu, akasema kazini hakuna mtu anayekunywa chai peke yake. Hakuwa na nia mbaya, maskini, lakini neno lile lilinichoma. Nikachukua ya kijani.

Nilipoifikisha nyumbani, Salme aliifungua, akakizungusha kile kifuniko, akachungulia ndani yake. Nilimwona akitafuta cha pili. Kisha akakirudisha, akanishukuru, akaiweka chupa kikapuni. Hakuuliza lolote. Nilitaka aulize, dada, ili nami niulize. Kimya chake kikawa chakula cha wivu wangu.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuchungulia. Chupa ile huingia vikombe vitatu, na Salme nyumbani hamalizi hata kimoja na nusu, lakini kila jioni ilirudi tupu. Nikawa naisuuza mimi mwenyewe, naye akidhani namsaidia. Nikaanza pia kusikiliza majina. Kulikuwa na Tobias wa chumba cha kufungia vidonda: Tobias kasema hivi, Tobias kacheka hivi. Baadaye jina hilo likapotea kabisa katika mazungumzo yake, na kupotea kwake kukaniuma kuliko kutajwa.

Jumanne moja ya mwezi wa nane nilimdanganya Bwana Lalit kwamba jino linaniuma, nikapanda mlima. Sikujua hata nitamuulizia wapi. Lakini saa nne hii hapa, na nilipozunguka nyuma ya jengo wanakofulia mashuka, niliwaona. Walikuwa wamekaa kwenye benchi penye jua. Tobias ni mrefu, dada, na koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama. Kati yao palikuwa na karatasi. Salme alimimina chai kwenye kifuniko, akampa. Yule akanywa nusu, akafuta ukingo kwa kitambaa safi alichotoa mfukoni, akamrudishia. Salme akanywa iliyobaki.

Nilisimama pale nikitazama kikombe kikienda na kurudi. Nilikichagua mwenyewe. Kama ningenunua ile ya buluu, kila mmoja angekunywa chake na mimi nisingeona nilichokiona. Lakini fikra hiyo ilinijia baadaye. Wakati ule sikuwa na fikra.

Niliwaendea, nikamnyang'anya Salme kikombe mkononi, nikamwaga chai chini. Nikaichukua na chupa. Nilikusudia kuifunga niondoke nayo, basi, kama mtu anayechukua kilicho chake. Chupa ikaniponyoka, ikaanguka kwenye sementi. Kwa nje haikupata hata mkwaruzo. Kwa ndani tulisikia kioo kikimwagika chote.

Wanawake wa kufua wakaacha kufua. Tobias alisimama, akaninyooshea mkono.

"Shemeji," alisema, "kaa kwanza, tuongee."

Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulionitia hasira zaidi. Sikumpa mkono. Salme aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni, akarudi wodini. Nikabaki mimi na chupa inayochakacha, nikateremka nayo mpaka mjini.

Jioni alirudi kwa saa yake ya kawaida. Alipika, akamlisha Mishi, akamlaza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, na nimejitayarisha kwa uongo, na kila kimoja nilikuwa na jibu lake. Hakuleta hata kimoja. Alikaa mbele yangu, akaniwekea ile karatasi mezani. Ilikuwa fomu ya kuomba masomo ya ukunga.

"Haya nimekwambia mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza ulikuwa unasoma gazeti. Mara ya pili ukanijibu kwamba mchuzi umezidi chumvi. Tobias aliniuliza kila siku nimefika wapi."

Nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu mwezi wa saba, kama kuna jambo kati yao. Alifikiri kabla ya kujibu, na nilimchukia kwa kufikiri kwake.

"Napenda kuzungumza naye," alisema. "Hakuna zaidi ya hilo. Lakini hilo lipo, na sitakuficha."

Dada, lau angekiri ubaya ningejua la kufanya. Ningekuja kwako, ningelia, wazee wangekaa. Lakini mtu ukiambiwa kwamba mkeo anapenda kuzungumza na mwingine, unakwenda kushtaki wapi? Nilihamia chumba cha mbele wiki nzima. Nilijaribu kukumbuka siku nilipomuuliza habari za kazi yake, na sikuipata hata moja.

Nilimwambia nitamnunulia chupa nyingine. Akakataa bila ukali, akasema atakunywa maji. Mwezi wa tisa wote alikwenda bila chai, na baridi ilikuwa haijaisha vizuri. Ramadhani ilipoingia nilipumua, kwani mwezi ule hakuna wa kumpa mwenzake chai. Ona jinsi nilivyokuwa, dada. Mwezi mtukufu nimeufurahia kwa sababu kama hiyo.

Lakini ndio mwezi ulionisaidia. Tulikuwa tukifuturu pamoja, na siku za mwanzo nikawa namuuliza kazi imekwendaje, kwa ulimi mzito, kama karani anayejaza fomu. Alijibu njema, basi. Siku ya tisa au ya kumi alianza kunisimulia habari za mama mmoja aliyejifungua kwenye ngazi. Mtoto hakusubiri kitanda. Salme ndiye aliyempokea kwenye leso yake mwenyewe, na muuguzi mkubwa alipofika mbio akakuta mtoto ameshalia na mama anauliza kama basi la mwisho limeondoka. Salme alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nikacheka, uji ukapoa mbele yetu.

Halafu nikaingiwa tena na wivu ule ule, lakini umegeuka sura. Niliwaza kwamba hadithi kama hizi zimekuwako mwaka mzima, na mwaka mzima aliyezisikia ni Tobias. Vikombe vya chai havikuniuma tena. Ziliniuma hizo hadithi.

Baada ya Idd tulikwenda mjini watatu, na Salme mwenyewe aliingia kwa Bhanu. Mimi nilibaki mlangoni na Mishi. Ile ya buluu ilikuwa imeshanunuliwa. Aliweka sikio kwenye chupa moja baada ya nyingine, akijaribu na vizibo, kwa nafasi yake, mpaka akaridhika na moja ya rangi ya kahawia yenye mshikio na vikombe viwili. Bhanu alinitazama mara moja tu, akaanza kuifunga kwenye karatasi.

Kwa Tobias pia nilikwenda, nikamwomba radhi. Alinipokea vizuri mno. Ningependa kukwambia kwamba nimempenda, lakini nitakuwa nakudanganya.

Sasa ombi langu. Salme amefaulu. Anakuja huko Mombasa kwa masomo ya ukunga, miezi sita, kuanzia tarehe 7 Januari. Mishi atafuatana naye. Nakuomba, kama shemeji Shee ataridhia, uwape kile chumba cha juu kinachotazama msikiti, na uwe nao kama ambavyo ungekuwa nami.

Kuna na jingine. Siku majina yalipotoka, Salme alifika nyumbani, akaniambia akiwa bado amesimama, hata kikapu hajakiweka chini: katika orodha ile ile yumo Tobias, naye anakuja huko huko kujifunza kazi za chumba cha upasuaji. Hakungoja nimuulize. Angeweza kunyamaza nami nisijue mpaka mwaka ujao. Nilikaa kitako kwenye mkeka, na yeye akakaa karibu yangu. Kisha nikamwambia aende. Nilisema hivyo kwa mdomo, dada. Moyo ulikuwa bado uko nyuma unakuja.

Alhamisi nilikuandikia barua nyingine. Ilikuwa ya kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, na ndani yake nilikuomba uangalie nani anakuja kumuulizia Salme, anakaa muda gani, na Salme anarudi saa ngapi kutoka darasani. Hata nilikuomba umtume mmoja wa watoto amfuate kwa mbali. Niliitia ndani ya bahasha nikaipiga muhuri. Nilipoisoma anwani yako juu yake niliona haya, nikaitia jikoni ikaungua.

Basi sikuombi umchunge. Nakuomba umpokee. Akija mgeni wake, hata akiwa ni huyo Tobias, mkaribishe sebuleni, mpe kahawa, mkae nyote mzungumze. Na usiniandikie nani alikuja na nani hakuja. Nitauliza, najijua; nikiuliza usinijibu.

Nisalimie shemeji Shee, umwambie namshukuru kabla hajakubali. Nisalimie shangazi, na majirani wote wa mtaa wetu wanaonikumbuka. Mola awape afya, na awafungulie milango ya kheri, wakubwa kwa wadogo.

Habari za Mishi niandikie kila wiki. Za Salme ataniandikia mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye, nduguyo,
Idarus