Minara Miwili Ukingoni

Hifadhini, 27 Agosti

Baba mpendwa,
Hujambo, na goti lako je? Sisi wazima, ila Kári anaota meno. Halali, wala hatulali sisi. Baba, wageni wametuzidi. Huko juu ya korongo kila apitaye anapanga mawe apige picha. Sasa huwezi kutofautisha minara yao ya mawe na ile ya babu zetu inayotuonyesha njia penye ukungu. Nimemwomba mkuu wa hifadhi apunguze watu, anasema tusubiri msimu uishe. Usiende mlimani kushusha kondoo kabla hatujaibomoa hiyo ya wageni.
Mwanao, Eydís

Shambani, 2 Septemba

Binti yangu,
Goti linalalamika kuliko mimi. Mbusu mjukuu wangu Kári. Umezaliwa juzi, leo unanifundisha mlima? Minara ya wageni hata kondoo wanaicheka. Theluji haimsubiri mkuu wenu. Jumamosi napanda na Skuggi; mbwa huyu ana akili kuliko ofisi yenu nzima.
Baba yako

Ijumaa, 5 Septemba

Baba,
Salamu baadaye. Simu hupokei, barua hii nampa dereva wa maziwa. Leo nimepanda na Kári mgongoni, nimebomoa mpaka mikono ikachubuka. Kumbe ndani ya minara yao mna mawe yaliyoota kuvu ya miaka. Wameng'oa yetu kujengea yao! Ukingoni mwa korongo imebaki miwili, sijui wa kweli ni upi. Nimeogopa kuigusa. Ukungu unashuka. Sikuombi, nakukataza.
Eydís wako

Jumapili, 7 Septemba

Baba,
Dereva alikuta umeshaondoka, akaisukuma barua chini ya mlango. Na hii nayo naiandikia nyumba tupu. Waokoaji wamepanda, hawaoni hata miguu yao. Baba, itika.
Mwanao

Kibandani mlimani, 8 Septemba

Eydís mama,
Ni mzima. Goti limegoma, ndiyo maana mwokoaji anakuletea karatasi hii. Niliufikia mnara, nikaupapasa: mawe yana kuvu ya miaka, kama ya babu zetu. Nikasema ndio huu. Skuggi akalala chini, akakataa. Nikamtukana. Nikarusha jiwe mbele yetu, sikulisikia likitua: korongo. Nilikaa hapo hapo hadi waliponikuta, nikiogopa hata kusimama. Mwambie mkuu wako.
Baba yako

Hifadhini, jioni hiyo hiyo

Baba,
Pole sana. Mkuu nimeshamwambia vya kutosha. Nimeegesha gari langu katikati ya geti, na funguo anazitafuna Kári. Wageni wanapiga honi, mkuu anapiga simu. Siliondoi. Ukishuka pitia hapa, unionyeshe mnara wa kubomoa.
Mwanao, Eydís