Mkwe wa Zamani Alivyonipa Mume

Dada yangu mpenzi,

Na simu ikakatika kabla sijakujibu, neno lako likabaki hewani: kwamba mwanamume mgeni aliyeachana na mkewe, akioa mwananchi upesi, anaoa kibali, haoi mke. Basi leo nimekaa nikujibu kwa utulivu. Ila kwanza shikamoo. Mgongo umepoa? Shemeji na wanangu wote wazima? Mimi ni mzima wa afya, na kama furaha ingekuwa inanenepesha, mlango wa chumba hiki usingenipitisha.

Ndoa ni tamu, dada. Fundi akiamka kabla yangu, hunifunika miguu ndipo avae viatu. Nikirudi kazini kwetu, duka la mikate, na unga hadi kwenye nyusi, huniambia nimependeza, nami namwamini. Kasoro yake ni moja tu, kukoroma. Jirani wa chini alipanda kutuuliza kama tumenunua mashine ya kusaga.

Sasa sikia ilivyokuwa. Fundi alikuja nchi hii kwa ndoa yake ya kwanza, na kibali chake kilikuwa cha mume wa mwananchi. Ndoa ikavunjika, walichokana tu, hakuna aliyemdhulumu mwenziwe. Ofisi ya uhamiaji ikamwita. Kwa sheria ya hapa, ndoa ikivunjika mapema hivyo mgeni hufunga mizigo, isipokuwa athibitishe kwamba ilikuwa ndoa ya kweli. Na mtu atathibitishaje mapenzi yaliyokwisha? Mtalaka wake alikwisha kuhamia mbali na hakutaka kusikia habari za ofisi yoyote.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapenda. Alikuja kutengeneza oveni yetu, kisha akawa anarudi kuikagua mara kwa mara, hata mwenye duka akamuuliza kama oveni ina mimba.

Aliyekwenda kumtetea ni mkwewe wa zamani, mama wa huyo mtalaka. Walikuwa wakiishi nyumba moja naye. Bibi yule alimwambia afisa kwamba ndoa ile aliishi nayo ukuta kwa ukuta. Kwamba mkwe huyu ndiye aliyempikia uji alipovunjika mkono, uji wenye madonge, akaunywa kwa heshima. Na kwamba hakuna binti anayevumilia mkoromo kama ule kwa ndoa ya maigizo. Afisa alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamuuliza yeye ni nani kwa bwana huyu, maana talaka imeshatoka. Bibi akajibu kwamba waliopeana talaka ni binti yake na huyu bwana. Yeye hakupewa wala hakutoa.

Basi Fundi akapewa kibali cha kukaa, chake mwenyewe, kisichoning'inia kwa mke yeyote. Na miaka yake ya kungojea uraia ikaendelea pale ilipofikia, haikuanza upya. Siku hiyohiyo alikuja dukani, akapanga foleni nyuma ya wateja, na ilipofika zamu yake akaniomba mkate mmoja na mke mmoja.

Sasa nikwambie nililokuficha. Aliyetaka ndoa ya haraka hakuwa yeye, ni mimi. Alipoitwa uhamiaji nilimwambia anioe kesho yake, nimwokoe. Akakataa. Nikalia, nikamwita mwenye majivuno, nikamnyima hata salamu. Alisema hataki siku tukigombana juu ya chumvi niwe na uwezo wa kumfukuza nchini, wala hataki mimi nilale nikijiuliza kama yuko pale kwa mapenzi au kwa kibali. Alikuwa tayari kuondoka anipoteze kuliko kunioa kwa hofu. Ndiyo maana harusini machozi yalinitoka kuliko bibi harusi yeyote uliyemwona, na kwenye kiti cha mama wa bwana harusi alikaa yule bibi, amejishaua kwelikweli.

Wasalimie wote. Shemeji mwambie shemeji yake mpya anamtambia kwenye bao, ajiandae. Fundi sasa anaweza kuvuka mpaka na kurudi bila kumwomba mtu ruhusa, na safari yake ya kwanza ameichagua mwenyewe: ni kwako, upate kumtazama usoni. Mwezi huu hauishi kabla hatujabisha hodi.

Ni mimi mdogo wako,
Mke wa Fundi