Kiingereza Changu Kimekwama Nyuma ya Pazia

Bi Mshauri mpendwa,

Salamu kwanza, aibu itafuata. Naomba msaada wako kabla ya tarehe kumi ya mwezi ujao, maana siku hiyo nnafanya mtihani wa Kiingereza, wa kuandika na wa mdomo, na mimi ni mtu mzima wa miaka arubaini na nne, dresa wa kusafisha vidonda tangu ujana wangu, na nikifaulu nitapelekwa kusomea usaidizi wa daktari nirudi kituo cha Matemwe, kwetu, ambako mama zangu hupanda gari la shamba alfajiri kuja kutibiwa mjini, na nikifeli basi tena, kwani mwakani umri utakuwa umenipita na nitazeeka na chupa yangu ya ayodini mkononi.

Sasa mwalimu niliyempata, bora kuliko wote hapa Mlandege, ni Bi Mwamvua, aliyesomesha skuli ya wasichana miaka ishirini, na huyo Bi Mwamvua ndiye aliyemzaa mke wangu Biasha, na wewe unajua mkwe ni mkwe, tangu nimuoe Biasha, miaka kumi na sita sasa, sijamtazama mama yule usoni wala sijatafuna tonge mbele yake, kwa hiyo tukakubaliana nisome kwa adabu: yeye chumbani, mimi ukumbini juu ya mkeka, na mlangoni baina yetu pazia la buluu lenye maua.

Miezi minane sasa, kila baada ya sala ya alasiri, sauti hutoka: "Machano!"

"Naam, mama."

"Jana ulikwenda sokoni, au utakwenda?"

"Nlikwenda, mama."

"Basi mbona kwa Kiingereza chako bado uko njiani?"

Daftari langu hupita chini ya pazia likiwa safi, likarudi limejaa penseli nyekundu kama mtoto mwenye surua. Lakini nikaiva, Bi Mshauri! Nikaweza kulisimulia pazia lile habari za kidonda tangu kuchubuka mpaka kupona.

Wiki iliyopita rafiki yangu Hasan, karani aliyefaulu mtihani huo mwaka juzi, akaniketisha nyumbani kwake anijaribu. Akanitazama machoni, akaniuliza kwa Kiingereza jina langu nani. Wallahi sikulijua. Nikamtazama, akanitazama, jasho likanitoka, mpaka macho yangu yakaangukia pazia la dirisha lake, na papo hapo Kiingereza kikamwagika kama mfereji uliofunguliwa: jina, kazi, watoto, hata samaki niliyekula jana yake. Hasan akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Bwana we, siku ya mtihani pazia lako litie kwapani!" Sasa mtaa mzima wananiita Bwana Pazia.

Biasha anasema tuombe pazia liondolewe. Mimi nasema bora nifeli. Nimejaribu kufumba macho, Hasan akasema nimefanana na mtu anayeng'olewa jino. Nifanye nini?

Machano, Mlandege

*

Bwana Machano,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nimecheka mpaka chai ikapoa, nisamehe. Ya pili nimekuonea huruma. Sasa nakukaripia.

Bora ufeli? Neno gani hilo? Kina mama wa Matemwe waendelee kupanda gari alfajiri kwa sababu wewe unaona haya? Kisharia Bi Mwamvua ni maharimu yako, huwezi kumuoa kamwe, kwa hiyo kumtazama uso si haramu, kamuulize sheikh yeyote. Pazia hilo limetundikwa na haya tu. Haya ni pambo la mtu, lakini haitakufanyia mtihani.

Na tangu lini ukaogopa nyuso? Kila asubuhi unamtazama machoni mtu unayemmwagia ayodini. Analia, anakutukana, nawe unamsemesha mpaka anatulia. Huyo mtahini ataketi kitini, mzima, hana hata kidonda!

Fanya hivi. Pazia usiliguse, mwenye mlango ni mkweo. Leo hii mtume Biasha akuombee, na mkononi awe na sahani ya halua. Mama akiridhia, lifungwe upande mmoja. Siku ya kwanza jibu ukitazama mkeka. Ya pili, tazama mikono yake. Ya tatu, kidevu. Ya nne, nyanyua macho. Ukiganda, ganda hapo hapo, usikimbie, ulimi utayeyuka wenyewe. Na Hasan awe mtahini wako kila Ijumaa, dirisha lake likiwa tupu, na kofia yake aishike.

Halafu kuna jambo nnalijua, wewe hulijui. Bi Mwamvua amenisomesha mimi. Amenitoa nje mara ngapi sijui, kwa kula ukwaju darasani. Ukali wa sauti yake unaujua. Lakini mwanafunzi akipatia, mwalimu yule hasemi kitu, hutabasamu tu, mpaka pua ikakunjana. Miezi minane umekuwa ukipatia, Machano, na yeye akitabasamu peke yake nyuma ya maua ya buluu.

Nusu ya masomo yako imebaki chumbani humo. Nenda kaichukue.