Asubuhi Ambayo Paulina Hakuwa na Uso

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Bagara tu wazima, na tangu tupate mkoa wetu wa Manyara kelele za ujenzi haziishi. Mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama ni kweli Warusi huko unakosoma husema mtu "hana uso". Ni kweli. Ujanani nilimpikia daktari Mrusi kule Bonga. Asubuhi moja rafiki yangu Paulina alileta maziwa. Daktari akamtazama, akasema polepole, "Huyu leo hana uso."

Paulina akajipapasa mashavu kama anayeutafuta. Nikamtazama vizuri. Macho yalikuwepo, mdomo ulitabasamu, lakini ni kama hapakuwa na mtu ndani.

"Kwetu husema hivyo mtu akizidiwa moyoni," daktari akaniambia. "Usimwache aende peke yake."

Nikamkalisha jikoni mchana kutwa. Yaliyompata kwao sitayaandika. Jioni akalia, akaniambia alikuwa anakwenda ziwani, asirudi tena.

Nikamwuliza kwa nini hakunieleza mapema.

"Uliniuliza habari za asubuhi," akasema, "nikakujibu nzuri."

Ni mimi bibi yako,
Mama Yohana