Baba Alifika Kabla Yangu

Chanji, Sumbawanga
12 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Chala, wewe na Mama, na kwamba ulezi mmeshauingiza ndani. Mimi na Shangazi Adela hatujambo, ila baridi inatunyoosha.

Uliniagiza nisitafute kazi kiholela, niandike kila ninapokwenda. Nimefanya hivyo. Daftari langu lina tarehe, mahali, niliyeonana naye na alichojibu. Safu ya majibu imejaa neno moja tu, subiri.

Mwezi uliopita ilinibidi niongeze safu nyingine. Karani wa shule moja aliniambia mzee wangu alishapita kuniombea, tena na maharage mkononi. Kwenye duka la vipuri wakanieleza hivyohivyo. Kwenye chama cha akiba na mikopo walinitaja kwa jina kabla sijajitambulisha. Safu hiyo nimeiita “Baba alifika?” na karibu kote jibu ni ndiyo. Wewe ulituambia unakuja mjini kung'oa jino. Sijui ni jino gani linalong'olewa kila Jumatatu. Niliona aibu, Baba, nikakasirika pia, maana nilitaka wanione mimi na cheti changu cha uhasibu.

Juzi nilikwenda kwenye ghala la nafaka la Mzee Huseni. Aliponiona alicheka, akasema tumefanana. Akanisimulia kwamba siku uliyomngoja ulishindwa kukaa bure, ukashona magunia yaliyochanika na kuwapatanisha wapakiaji waliokuwa wakigombana. Aliporudi alikuta lori limeshajaa. Kisha akaniambia kazi ipo.

Jioni ile niliandika daftarini: amepata. Aliyepata ni wewe, Baba. Anakutaka usimamie ghala msimu huu wote. Kwa mhasibu hana nafasi. Nilinung'unika njia nzima, hadi nilipokumbuka unavyozungukazunguka uani tangu ile mashine ya kusaga uliyokuwa ukiisimamia ifungwe. Hapo nilifurahi, nikafurahi kweli.

Uje Jumatatu, na ubebe koti. Uniamkie Mama, na mdogo wangu Mathias mwambie aache uvivu, sasa kuchunga ng'ombe ni kazi yake. Ukishazoea kazi, tafadhali usiniombee nafasi. Ila Mzee Huseni akikuuliza mwenyewe kama unamfahamu mhasibu, usijifanye jino linauma.

Binti yako,
Silvana