Boti ya Tarehe Kumi na Mbili

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko ulikojificha. Mimi sijambo, ila miguu inavimba kidogo jioni.

Huu ni mwaka wa tatu hatujaandikiana, na sababu naijua: nimeolewa na mwanamume aliyekuwa akuoe wewe. Sitajitetea. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tangu Mama atutoke tumebaki wawili tu, nami nina mimba ya miezi mitano. Mchana kutwa nashona nguo za watu, cherehani inapiga kelele, moyoni naogopa. Wewe mkunga umezalisha wanawake wangapi? Mia tatu? Naomba mikono yako iwe ya kwanza kumshika mwanangu.

Nasikia simu hazishiki kisiwani kwenu. Basi nijibu kwa barua, hata ya kunitukana.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Barua yako nimekaa nayo wiki tano, boti mbili zimekuja zikaondoka. Nilikuwa natafuta tusi linalokutosha, nikalikosa.

Niliomba uhamisho nikidhani kisiwani mtu husahau. Wapi! Kisiwa chote unakizunguka kwa miguu asubuhi moja, na usiyetaka kumwona utakutana naye mara tatu. Joto na chumvi vinakula kila kitu: bawaba za milango, mkasi wa kukatia vitovu, hata fremu ya miwani yangu. Chuma usichokipaka mafuta leo, kesho kutu.

Mbele ya kituo changu kuna tangi moja la maji ya mvua. Muuza mikate na mke wa mwalimu walikosana miaka minane iliyopita, lakini tangi ni hilo hilo. Basi wanasemeshana kupitia ndoo. “We ndoo, mwambie mwenyewe umejaa, asimwage maji ya watu.” Na mwenzake: “Ndoo, mjibu huyo kwamba nina macho.” Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha nikaona kwamba mimi hata kwa ndoo sijakusemesha.

Mtoto anacheza?

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mtoto anacheza mpaka kanga inatikisika! Barua yako niliisomea kwenye cherehani, mteja akaniona nalia akaanza kunipa pole ya msiba.

Shemeji yako amekipaka rangi chumba cha nyuma. Anasema ukija atahamia kwa rafiki yake siku hizo, usije ukaona taabu kumtazama.

Ila kliniki wamenipapasa, wanasema mtoto amekaa kichwa juu. Muuguzi akaniambia, “Atageuka tu, mama,” halafu akatazama dirishani. Wewe usingetazama dirishani. Njoo, Dada.

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu kipenzi,

Habari za hali? Hapa mvua tu, na nazi zinaanguka juu ya mabati mtu unaruka kitandani.

Wamenipa likizo ya mwezi. Nakuja kwa boti ya tarehe kumi na mbili Mei.

Wiki jana mke wa mwalimu aliugua. Muuza mikate akamchotea maji siku nne mfululizo, anatua ndoo mlangoni bila neno. Siku ya tano mgonjwa akasema, “Asante, mwenzangu.” Alimwambia mtu, hakuiambia ndoo. Huku wanasema jirani humchagui, unapewa. Nami mdogo nilipewa mmoja tu.

Usinyanyue vitu vizito. Chupa ikipasuka kabla sijafika, usimsubiri mtu yeyote, nenda hospitali kubwa. Na mumeo asihame. Aje bandarini anipokee mizigo.

Dada yako

3 Juni

Dada,

Shikamoo. Mwili wangu umepona.

Tarehe kumi na mbili shemeji yako alikuwa bandarini tangu asubuhi. Aliwatazama abiria wote mpaka wa mwisho, akarudi peke yake na mwavuli niliompa akukinge. Nikamwambia, “Kuna mama ameshikwa na uchungu huko. Dada hawezi kumwacha.” Sikukasirika hata kidogo.

Chupa ilipasuka tarehe kumi na tano mchana, nakata kitambaa cha mteja. Nikakawia, Dada. Nilijiambia labda umepata boti nyingine, labda uko njiani. Tulipofika hospitali miguu ilikuwa imeshatoka, kichwa kimekwama. Alikuwa wa kike. Nywele tele. Hakulia.

Usijilaumu. Niambie tu, yule mama wa huko alijifungua salama? Nataka kusikia kwamba wa kwake yuko hai.

Mdogo wako

17 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimie vipi.

Kwanza niliandika kwamba yule mama alijifungua salama, wa kiume, kilo tatu. Karatasi hiyo nimeichana. Hakukuwa na mama yeyote. Vitanda vyangu vyote vinne vilikuwa vitupu, vimetandikwa.

Nilikuwa gatini na sanduku langu. Nahodha akaniita mara mbili, “Muuguzi, panda!” Akilini nikamwona mumeo akinipokea mizigo. Nikamwona mtoto mwenye macho yake mikononi mwangu. Nikatua sanduku chini. Nikasema, “Nitakuja na ijayo.” Ndivyo tusemavyo hapa kwa kila jambo. Kisiwa kimenifundisha kungoja, nikadhani na mengine yote hungoja. Nikarudi kituoni nikapiga deki sakafu iliyokuwa safi.

Watoto waliotanguliza miguu nimewatoa saba kwa mikono hii, wote wazima. Wale majirani wawili wa ndoo wananiuliza mtoto wa mdogo wangu amefanana na nani.

Siombi msamaha. Niite tu, nitapanda boti ya kwanza.

Dada yako

30 Agosti

Dada,

Barua yako niliipata siku nyingi. Shemeji yako hajaisoma. Nimemwambia yule mama alijifungua salama, naye akasema, “Heri yake.”

Nimeirudia nikitafuta pa kukuchukia. Lakini mimi niliyekuchukulia mchumba, nimnyooshee nani kidole? Hasira huja asubuhi, ikifika adhuhuri imechoka. Kwa hiyo usidhani nalipiza.

Ni jina. Kabla hawajamfunika, karani wa hospitali aliniuliza aandike jina gani. Sikufikiri mara mbili. Nilitaja lako, kwa kuwa nilijua ungekuja kama ungeweza. Limeandikwa kwenye cheti, limeandikwa na pale alipolala. Ukija, majirani na wateja watakuita kwa jina hilo humu ndani mchana kutwa, nami kila mara nitageuka kutazama nani ameitika.

Siwezi, Dada. Usije.

Mdogo wako